Jicho la Mwisho Kabla ya Mashine

Katika lile gazeti la kila Jumamosi, hakuna neno lililofika kwenye mashine ya kuchapia bila kupita mbele ya macho ya mtu mmoja. Waandishi waliandika, mhariri akakata na kupunguza, msanifu kurasa akapanga, lakini wa mwisho kabisa alikuwa msahihishaji, mzee mwembamba mwenye kalamu nyekundu aliyekaa kwenye kona ya dirishani, mbele ya meza iliyowekewa karatasi za kukunja chini ya mguu mmoja ili isiyumbe. Walimwita Mzee Koma. Jina alipewa na msanifu kurasa, mtu wa masihara, siku aliporudishiwa ukurasa mmoja mara tatu kwa sababu ya alama ya mkato. "Huyu hata umwambie koma, hakomi," akasema. Chumba kizima kikaangua kicheko, na jina likaganda.

Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na sita. Shule hakuimaliza; yote aliyoyajua aliyaokota kwenye makosa ya wenzake. Ukurasa alioupenda kuliko yote ulikuwa wa saba, ambako gazeti liliweka muhtasari wa mambo mapya yaliyoandikwa duniani juu ya sayansi, lugha na siasa za mataifa. Kurasa nyingine alizisoma mara mbili. Ule wa saba aliusoma mara tatu, na ile ya tatu ilikuwa yake mwenyewe. Jumamosi aliukata kwa mkasi wa mkewe na kuuhifadhi kwenye boksi la viatu, kisha chakula kikiwa mezani akaanza kusimulia.

"Leo nimesoma kwamba mtoto akiwa bado tumboni huanza kuizoea sauti ya mama yake," alisema siku moja. "Akizaliwa, anaitambua lugha ya kwao kwa mahadhi yake tu, hata neno moja hajui."

Mkewe, fundi cherehani aliyeshona sare za shule, hakuinua hata kichwa. "Mpaka wataalamu wapime ndiyo mjue? Si mngetuuliza sisi tuliozaa?"

Kazini naye alikuwa na msikilizaji wake. Mama Chai, mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, mwepesi wa kucheka, aliingia saa nne kamili na birika lake la bati, na meza ya dirishani ndiyo aliyoiacha mwisho ili apate nafasi ya kusimama. "Haya kaka, ukurasa wa saba leo una nini?" Koma alimweleza. Alimweleza kuhusu nyota ambazo mwanga wake unasafiri miaka elfu kabla ya kutufikia. Alimweleza pia kuhusu wajumbe wa nchi mbili zinazopigana, waliokaa wiki nzima wakibishania kama mkataba useme "kusitisha" au "kukomesha". Mama Chai alitikisa kichwa. "Yaani watu wanakufa, wao wanachagua maneno kama wanachagua nyanya?"

Siku moja alimaliza kumimina chai na asiondoke. Akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, mimi haya yote nayasikia kwa masikio ya kuazima. Nataka nisome mwenyewe. Nimechelewa?"

"Hujachelewa."

"Usimwambie mtu. Mwanangu mwenyewe hajui kama sijui. Akiwa mdogo nilikuwa nayashika madaftari yake, naangalia weee, nakunja uso, namwambia rudia hapa. Naye anarudia!" Akacheka mpaka akashika ubavu.

Wakaanza. Kila saa saba mchana, wenzao wakienda kula, wawili hao walikaa kwenye kijichumba cha chai kati ya mtungi wa gesi na kabati la vikombe. Neno la kwanza alilolisoma peke yake lilikuwa "chumvi", kutoka kwenye pakiti. Alilisoma, akatazama ndani ya pakiti, akaonja, akasema, "Kweli." Toka siku hiyo alimwita Koma mwalimu. Baada ya mwaka na nusu aliweza kusoma herufi kubwa za vichwa vya habari, taratibu, kidole kikitangulia. Zile ndogo bado zilimtembea kama sisimizi. Akaanza kununua gazeti lake mwenyewe kila Jumamosi, asome ukurasa wa kwanza kabla ya majirani kuamka. Mwanawe huyo wa pekee alikuwa askari, na nia ya Mama Chai ilikuwa kumwandikia barua kwa mkono wake mwenyewe. "Atadhani imeandikwa na jini," alisema.

Wakati huo huo ndipo Koma alipokutana na makala ya jicho.

Ilikuja kama makala nyingine zote za ukurasa wa saba, na alianza kuisahihisha akiwa na kikombe mkononi. Ilieleza kwamba kila jicho la binadamu lina mahali pasipoona, pale mshipa wa kwenda kwenye ubongo unapotokea, na kwamba hatupahisi kwa sababu ubongo huliziba pengo lile kwa kile unachodhani kingepaswa kuwapo. Chini yake palichorwa msalaba na, mbali kidogo upande wa kulia, nukta nyeusi. Fumba jicho la kushoto, makala ilisema, tazama msalaba kwa la kulia, ukisogeze karatasi polepole. Kuna mahali nukta itatoweka, na ukiendelea kusogeza itarudi.

Chumba cha habari kikageuka uwanja wa mchezo. Mhariri alijaribu, mwandishi wa michezo akajaribu, Mama Chai alipojaribu akapiga kelele, "Imeenda! Mwalimu, imeenda!" Koma akajaribu wa mwisho. Nukta ilitoweka kama ya wenzake. Akaisogeza karatasi mpaka ikakaribia pua, ndipo ikarudi. Akajaribu jicho la pili kwa kuigeuza karatasi. Huko haikurudi kabisa. Wenzake walikuwa wakicheka naye akacheka, kisha akaiweka karatasi mezani na kuusoma tena ule mstari unaosema kuwa yako maradhi yanayoyapanua mapengo hayo kimyakimya, na mgonjwa asijue, kwa kuwa ubongo unaendelea kumzibia.

Ndipo alipokumbuka yale ambayo alikuwa ameyapuuza: vikombe alivyovigonga kwa kiwiko, ngazi aliyoikosa, salamu za watu waliomjia kwa upande asiitike, mpaka wakamwona ana maringo.

Alikwenda hospitali kwa siri. Daktari wa macho, mwanamke mpole mwenye vidole vya baridi, alimpima kwa muda mrefu. "Ni presha ya macho, mzee. Kilichopotea hakirudi. Nitakupa dawa ya matone, tulinde kilichobaki. Unafanya kazi gani?"

"Mlinzi," Koma akajibu. "Mlinzi wa ghala."

Hata yeye hakujua uongo huo ulitoka wapi. Chupa ya matone aliificha kwenye droo ya kazini, nyuma ya wino, na kwa mkewe hakusema neno. Alijiambia atasema mwezi ujao. Mwezi ukaja, akausukuma. Aliogopa si upofu peke yake. Aliogopa siku ambayo mtu mwingine angeketi pale dirishani na kushika kalamu nyekundu, naye asiwe chochote ila mzee wa kushikwa mkono kuvuka barabara. Basi alijifunza ujanja: alisoma ukurasa ameuinamisha, kichwa kikizunguka kama kuku anayetafuta punje, akautegemea uzoefu wake pale macho yalipomwangusha. Miezi minne ilipita hivyo. Hakuna kosa lililopita, au alidhani hakuna.

Katika mwezi wa tano wa ujanja huo, serikali ilipeleka askari arobaini kwenda kulinda amani katika nchi ya mbali, kwenye mpaka uliokuwa ukiwaka moto. Mtoto wa Mama Chai alikuwa mmoja wao. Waliagwa Jumatano kwenye uwanja wa kambi, kwa bendi na hotuba, na Mama Chai aliomba ruhusa akaenda. Alhamisi alirudi kazini na birika lake, akaandamana kati ya meza, goti juu, mkono kwapani, kuwaonyesha mwanawe alivyopita mbele ya jukwaa. "Hakugeuka! Ameniona, nimeona kwamba ameniona, lakini hakugeuka! Nidhamu hiyo!" Kisha akaketi kwenye kiti cha Koma bila kuombwa, akalia kidogo, akafuta uso kwa kanga, akasema, "Haya, nani hajapata chai?"

Ijumaa alasiri ukurasa wa kwanza ulifungwa. Habari ya kuagwa ndiyo iliyobeba gazeti, na kichwa chake kilikuwa kirefu mno. Mhariri akaagiza kifupishwe: ASKARI WETU AROBAINI WAAGWA. Msanifu kurasa akakiandika upya kwa haraka. Wiki nzima alikuwa amepanga habari za mapigano ya mpaka ule, raia wameuawa hapa, wakimbizi wameuawa pale, na vidole vina mazoea yake. Akaandika WAUAWA. Mhariri akautazama ukurasa akiwa na simu sikioni, akatia saini. Ukaletwa dirishani.

Koma aliusoma. Alikuwa ameisoma habari ile mara tatu tangu asubuhi, alikuwa amesimuliwa na mama mtu mwenyewe, aliijua kama anavyoijua njia ya kwao. Akakitazama kichwa kile, akaona WAAGWA. Hakukisia. Aliona. Akatia saini yake chini ya saini nyingine nne, ukurasa ukaenda kwenye mashine.

Jumamosi asubuhi mkewe alirudi kutoka dukani na mkate na gazeti. Alisimama mlangoni. "Baba, hawa askari si juzi tu wameagwa? Mbona wameshauawa?"

"Wameagwa," Koma akasema huku akikoroga uji.

"Wameuawa. Imeandikwa hapa."

"Lete." Akalitazama. "Mama, soma vizuri. Waagwa."

Mkewe akamtazama yeye badala ya gazeti. Alikuwa ameishi naye miaka thelathini na moja. Polepole akaweka mkate mezani, akakishika kidole cha mumewe, akakiweka juu ya herufi ya kwanza. "Wa," akasema, kama anavyofundishwa mtoto. Akakisogeza. "U. Hii ni u. A. Wa."

Kidole kilipokuwa juu ya ile herufi ya tatu, ndipo ilipomtokea, nyeusi na kubwa kama mlango. Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mama Chai," akasema. "Mama Chai ananunua gazeti."

Simu yake iliita bila kupokelewa. Walitoka wote wawili, mkewe amemshika mkono bila kuuliza kwa nini anaukubali. Walipofika kwa Mama Chai walikuta mlango wazi, jiko la mafuta limezimwa na majirani, na mwanamke wa nyumba ya jirani akisimulia kila aliyefika. Alikuwa amemwona amesimama uani na gazeti, anasoma kwa kidole. "Nikamwambia, kumbe unasoma, shoga! Hakunijibu. Akarudia kusoma. Akarudia mara ya tatu. Kisha akatoka mbio kuelekea kambini, bila viatu. Hakufika hata kwenye kona."

Presha ilikuwa imempanda na mshipa wa kichwa kupasuka. Hospitali walimlaza karibu na dirisha, macho nusu wazi, mdomo umekwenda upande. Koma alivuta kiti. Mchana huo na siku mbili zilizofuata alimwinamia sikioni akimwambia lile lile. "Waagwa, dada. Ni waagwa. Mtoto mzima, yuko njiani. Wamekosea, mimi nimekosea. Waagwa." Muuguzi, alipoulizwa kama mgonjwa anasikia, alisema huenda, hakuna anayejua. Jumanne kabla ya adhuhuri Mama Chai akafariki.

Kazini mhariri aliwaita wote. Mezani palikuwa na ule ukurasa wenye saini tano. "Kosa hili ni letu sote," alisema, maana yeye pia alikunywa chai ya marehemu kila siku. Msanifu kurasa alikuwa amefunika uso kwa mikono. Hakuna aliyemsikia akifanya masihara tena kwa muda mrefu.

"Si letu sote," Koma akasema. Akafungua droo, akaitoa ile chupa ya matone na kuiweka juu ya ukurasa. "Mimi sioni. Najua miezi minne sasa."

Mhariri akaiokota chupa, akaisoma. Akauliza, "Kwa nini hukusema, mzee?"

Jibu alikuwa nalo, lakini alipolitafuta mdomoni aliliona dogo mno kuwekwa mbele ya watu. Masahihisho ya gazeti yalikuwa mistari mitatu. Koma aliomba ayaandike mwenyewe, wakamruhusu, na mtu mwingine akayasoma kabla hayajachapwa. Ilikuwa kazi yake ya mwisho.

Nyumbani mkewe hakumgombeza siku ile wala ya pili. Siku ya tatu, akiwa kwenye cherehani, alisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Mficha maradhi kilio humfichua," alisema. "Basi hiki kilio kingekuwa cha kwetu, mume wangu. Ningekubali. Lakini kimekwenda nyumba ya mtu." Akaendelea kushona.

Mtoto wa marehemu alipewa ruhusa ya siku saba kurudi kuzika. Siku ya sita alibisha mlango wa Koma, amevaa kiraia, mrefu, mwenye paji la uso kama la mama yake. "Shikamoo," alisema, akaitikiwa, akaketi. Alikataa chai.

"Nimeambiwa ni wewe."

"Ni mimi."

"Na nimeambiwa alisoma mwenyewe. Nikawaambia watu, haiwezekani, mama hajui kusoma."

Koma alishtuka. "Ulikuwa unajua?"

"Toka darasa la tatu. Alikuwa anashika daftari juu chini." Kijana alitabasamu, na tabasamu halikudumu. "Sikumwambia. Nani angemwambia? Nikawa narudia pale aliponiambia nirudie."

Koma akamweleza yote, kijichumba cha chai, vichwa vya habari, barua aliyotaka kuandika. Hakujitetea popote. Alipofika kwenye macho yake akasema pia kwamba daktari wa macho, alipoelezwa ukweli, alimwambia hata mtu mwenye macho mazima angeweza kupitwa na neno lile, na kwamba saini nyingine nne ni ushahidi. "Anasema hivyo ili nilale. Mimi nakwambia usimsikilize."

Askari alisimama. "Ungemwacha," akasema. "Asiyejua kusoma angemuuliza jirani. Jirani angemsomea mpaka chini, angejua tumeagwa tu. Angecheka. Wewe umemfundisha herufi kubwa tu."

Akaondoka bila kuaga, kesho yake akarudi kwenye mpaka wake. Koma alibaki na maneno yale. Usilolijua ni usiku wa giza, watu husema, naye maisha yake yote alikuwa ameamini kwamba kulijua ni mchana. Hakujua tena aamini nini.

Mwaka ule macho yalifunga kazi. Kwanza likaenda la kushoto, kisha la kulia likabaki na kijitundu cha katikati, kana kwamba anachungulia dunia kwa tundu la ufunguo. Wa zamani wa ofisini walikuja mara mbili tatu, halafu wakapungua. Mkewe, baada ya kumaliza sare zake, alimsomea chochote kilichopatikana, na kwa kuwa hakuwa mvumilivu aliruka aya. Siku moja alimsomea kwamba katika ile nchi ya mbali wajumbe wametia saini, na wanajeshi wa kulinda amani wataanza kurudi makwao. Alimwomba arudie. Akarudia, na safari hii hakuruka hata neno.

Askari alifika tena wiki ya tatu baada ya kikosi kurudi. Koma alimtambua kwa hodi yake. Kijana aliketi pale pale alipoketi mwanzo. Kule mpakani, alisema, alikuwa na rafiki wa kikosi cha nchi nyingine, hawakuelewana lugha, wakafundishana maneno kwa kuonyeshana vitu. Kijiko. Maji. Kamba. Ndipo alipoanza kujiuliza jambo ambalo siku ile hakuliuliza.

"Alianza na neno gani?"

"Chumvi," Koma akasema.

"Chumvi." Kijana alisogeza kiti karibu. "Halafu?"

"Halafu 'sukari', kwenye gunia. Halafu 'hatari', kwenye mtungi wa gesi. Ile ilimpa taabu, alikuwa anasema 'hatiri'. Halafu jina lako. Aliliandika kwenye kifuniko cha boksi la majani ya chai. Herufi ya mwisho aliigeuza."

"Kifuniko kiko wapi?"

"Kilitupwa, mwanangu. Siku ile hatukujua kama ni kitu cha kuwekwa."

Kijana aliinamisha kichwa. Koma hakumwona akilia, lakini alisikia. Aliendelea kumweleza, neno baada ya neno kwa mpangilio wake, yale aliyoyakumbuka vizuri na yale aliyoyakumbuka kwa shida, na pale asipokumbuka alisema hakumbuki, hakupaziba. Ilipofika saa kumi na moja hakukuwa na zaidi. Kijana akasimama, akashukuru kwa heshima, akamshika Koma mkono na kuushikilia kidogo.

Hakusema kama amemsamehe, na Koma hakuuliza. Mkewe alimsindikiza mgeni mpaka barabarani. Aliporudi alisema kijana amekata kushoto, kuelekea makaburini. Tangu siku hiyo hakubisha tena mlangoni kwao.